Matundu Kumi na Mawili ya Nyumba ya Baba

Enzi zetu kule Tetu mtu alizoea mambo mapema, ndiyo maana huwaambia watu hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Niliacha shule darasa la nne, na leo ghorofa nilizosimamisha Nyeri mjini, Karatina hadi Nanyuki ni kumi na tisa. Injinia mwenye digrii ananiuliza, "Mzee, hapa tuweke nini?"

Wa rika langu mtakumbuka baridi ya Julai, kwenda shule miguu mitupu kwenye umande mpaka vidole vinakufa ganzi. Watoto wa leo wakiona ukungu tu, ati hita. Hita yetu ilikuwa jiko la Mama: moshi, githeri ya mahindi na maharagwe, na paka mmoja tuliyemgombania.

Lakini kwetu baridi ililala ndani. Baba alikuwa amefanya kibarua Mombasa, akipaka chokaa kuta za nje za hosteli ya zamani ya mabaharia. Alirudi nayo kichwani, akaijenga mlimani: kuta nene, baraza lenye matao, dari huifikii hata kwa ngazi, na chini ya paa matundu kumi na mawili, kila moja kubwa kama Biblia. Majirani walicheka, "Baba Wairimu, meli inafika lini?" Yeye akajibu, "Nyumba lazima ipumue." Shuleni nilijivuna kama mtoto wa chifu.

Dada yangu Wairimu alikuwa na miaka sita na kifua kibovu. Mama aliziba matundu kwa magunia, Baba akayang'oa. Mama akaanza kumlaza jikoni kimyakimya. Mimi, kwa kuionea nyumba fahari, nikamwambia Baba. Alimbeba akamrudisha. "Watu wa nyumba ya mawe hawalali jikoni na mbuzi." Wairimu alikohoa Julai yote. Agosti tukamzika nyuma ya migomba. Baba hakusema tena habari ya kupumua, lakini matundu hakuyaziba mpaka alipofariki mwaka jana. Kuyaziba kungekuwa kukiri.

Mwaka huu nikaenda Mombasa, nikaitafuta ile hosteli. Ni nyumba yetu kabisa, ila kubwa. Mlinzi alinipandisha vyumbani, mahali Baba, kibarua wa nje, hakuwahi kukanyaga. Kila tundu lilikuwa na kifuniko cha mbao, bawaba, na kamba ya kuvutia.

"Mbona washangaa, mzee wangu? Mvua ya kusi ikipiga, mabaharia wangelala majini?"

Nilikaa sakafuni, mimi wa ghorofa kumi na tisa.

Mama bado analala nyumba ile. Nilipomweleza, aliinua macho kwenye matundu. "Kumbe yalikuwa ya kufungwa," akasema.

Enzi zile tulijua kujenga. Ukuta wa Baba haujapasuka hata unywele. Siku hizi wapangaji wangu wanalala kwenye vyumba vyembamba kama katoni, na watoto wao wanakua. Fundi mbao wa Mukurweini alinitengenezea vifuniko kumi na viwili kwa siku mbili. Mbao, bawaba, kamba na kazi yake: shilingi elfu nne na mia mbili.