Ukuta wa Sahani wa Bi Mwanahawa

Aibu hii nimeificha miaka miwili, na hata sasa ninapoiandika masikio yananiwaka, lakini afadhali niiseme mwenyewe kuliko muisikie kwa mtu wa kijiji cha Salale huku anajishika mbavu kwa kucheka.

Kule nilifika kwa safari ya siku tatu. Nilitoka Tunduma kwa basi (nilikuwa nimeichoka Tunduma kama nilivyoichoka Songea kabla yake, ndivyo nilivyoumbwa), nikapita Dar bila kusalimia mtu, nikalala Bungu kwenye gesti yenye harufu ya korosho, kisha nikapanda pikipiki hadi Nyamisati, patasi na nyundo mgongoni, projekta nimeikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, na kutoka hapo boti ikatupitisha kwenye mikoko, kona baada ya kona, hadi nikashindwa kujua tulikotokea. Mimi ni fundi wa vigae, nina miaka arobaini na sita na cheti cha kidato cha nne, na ile projekta kuukuu, ya kurusha picha ukutani, niliinunua baada ya kujifundisha kutengeneza katuni kwenye laptopu, nikiamini kwamba siku moja nitafanya jambo ambalo watu hawajaliona. Nililifanya kweli.

Mwalimu mmoja wa kutoka bara aliniita nimtandikie vigae vya choo. Kazi ikaisha kwa siku nne, ila sikuondoka, kwa sababu ya ukuta wa Bi Mwanahawa, mama mjane mkulima wa mpunga niliyekuwa nakula kwake. Ukuta wa mbele wa nyumba yake ulikuwa umejaa vipande vya sahani vilivyopangwa vikawa samaki, kamba na ndege, vikubwa kwa vidogo, na katikati kulikuwa na kipande kipana cha buluu nzito chenye ua jeupe. Bibi yangu kule Kilosa alikuwa na sakafu ya vipande vya namna hiyo, nami utotoni nilikuwa nalala juu yake tumbo wazi wakati wa joto. Basi siku nilipouona ukuta ule nikasimama pale kama mtu aliyepigiwa simu na marehemu.

Nikamwambia, "Mama, hawa samaki naweza kuwafanya waogelee."

Akacheka. "Waogelee waende wapi, mwanangu? Hapo walipo wameshafika."

Lakini mjukuu wake Zuhura, aliyekuwa anakaribia kuolewa, alishikilia nifanye. Ndugu wa bwana harusi, watu wa Kibiti mjini, walikuwa wanasema pembeni kwamba kijana wao anakwenda kuoa matopeni, naye alitaka waone ametoka nyumba ya namna gani. Nikampa ahadi. Wiki mbili nilikaa kwenye laptopu nachora samaki walewale wa ukutani, kipande kwa kipande, ili mwanga ukiwaangukia watikise mikia.

Siku ya harusi, alasiri, nilijaribu kwa mara ya mwisho nikiwa nimeziba jua kwa turubai. Kote kulikaa sawa isipokuwa pale katikati, kile kipande cha buluu kiliumeza mwanga wote, samaki akifika hapo anapotea. Sasa sikilizeni kosa lenyewe lilivyokuwa dogo: Bi Mwanahawa alikuwa uani anapika pilau na wenzake, hatua kumi tu kutoka niliposimama, nami sikwenda kumuuliza. Nilikoroga chokaa, nikaongeza saruji nyeupe kidogo ili ishike haraka katika hewa ile ya unyevu (ufundi mwingi!), nikakipaka kile kipande kikawa cheupe, nikafunika kwa jamvi, na kila aliyepita nikamwambia kuna kitu cha kushtukiza.

Baada ya magharibi nikawasha jenereta na kuondoa jamvi. Jamani, walikwenda. Samaki walijibandua ukutani, ndege wakapiga mbawa, shangazi wa bwana harusi, aliyekuja kashika pua tangu bandarini, akasahau kufunga mdomo. Zuhura alinitazama kwa furaha na mimi nikakunja mikono kama mhandisi.

Kisha wenyeji wakasema nizime, bi harusi aagane na nyumba, boti isije ikakuta maji yamekupwa. Bi Mwanahawa akamshika mjukuu wake mkono, na taa ya sola, wakasogea ukutani. Hapo ndipo niliposikia jambo ambalo kijiji kizima kililijua: kila mwanamke wa nyumba ile akifariki, sahani aliyokuwa anakula huvunjwa na kuwekwa ukutani, na binti akiolewa haondoki kabla hajaweka kiganja juu ya ile ya mama yake Bi Mwanahawa, ile ya buluu.

Zuhura akaweka kiganja. Akakitoa cheupe, hina yote imefunikwa chokaa mbichi.

"Bibi," akasema, "sahani iko wapi?"

Shangazi akawahi. "Kumbe huku bi harusi hupakwa chokaa. Sisi kwetu tunapaka nyumba."

Watu wakacheka, na Zuhura akaanza kulia. Ningenyamaza hapo, ningekuwa na aibu ya kawaida tu. Lakini nikaomba dakika mbili, nikaleta patasi, nikagonga kidogo, nikagonga tena, kwani juu palikuwa pabichi lakini chini saruji ilikuwa imeshashika, nayo ilipobanduka ilibanduka na sahani. Ikaanguka miguuni kwa bi harusi na kuwa chengachenga. Hakuna aliyecheka tena.

Bi Mwanahawa alipiga magoti, akaokota chenga moja moja, akazifunga kwenye pindo la kanga ya Zuhura. "Nenda naye," akamwambia, "mimi nimekaa naye vya kutosha." Boti ikaondoka.

Asubuhi alinifuata nilipokuwa nafunga mizigo. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kuomba radhi. Hakuyangoja, akanipa sahani ya maua mekundu niliyokuwa nakula kwake, imeoshwa.

"Chukua, fundi. Hapa tunabaki na sahani za watu wetu tu."

Nikaipokea kwa mikono miwili, nikashuka kwenye boti, na Salale sijarudi wala sitarudi. Projekta niliiacha kwa yule mwalimu. Sahani ninayo, naendelea kuilia wali kila ninapohamia, na siku hizi nikipewa ukuta wowote, hata wa choo, sikorogi kitu kabla sijamtafuta mwenyewe nikamuuliza kila kilichopo hapo ni cha nani.