Lafudhi ya Bosi

Ijumaa nilikuwa stendi ya Mbeya nakata tiketi ya kurudi chuoni Iringa, na dirishani pale binti mmoja alikuwa anajaribiwa kazi ya kutangaza mabasi. Hajamaliza kutangaza basi la Mafinga, bosi akampokonya maiki.

“Dada, hiyo lafudhi ya Kinyakyusa iache Tukuyu. Abiria watakucheka.”

Binti akainamisha kichwa. Damu ikanichemka! Nimeshafungua mdomo nimjibu, simu ya bosi ikaita.

“Kamwene, mama!” Akasalimia kwa Kihehe, akasahau kuwa maiki ameishika na haijazimwa. Sauti ikapanda, ikashuka, ikavutwa mwishoni kama ya Mhehe yeyote sokoni Iringa, na stendi nzima ikasikia: “Eee mama, nimekulaaa!”

Foleni ikaangua kicheko. Mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi akamwambia, “Baba, kumbe na wewe una lafudhi ya kwenu! Mrudishie mtoto maiki.”

Bosi akairudisha, anacheka mwenyewe. Binti akatangaza kwa lafudhi yake ileile, na abiria wa Mafinga wakabeba mizigo.

“Haya, Jumatatu uje kazini,” akasema bosi.

Nionyesheni Mtanzania asiye na lafudhi. Akisalimia tu, nitawaambia kwao ni wapi.