Simu ya mama wa Majimoto

Jamani, leo nimeaibika hewani na roho haijatulia mpaka sasa.

Mnajua asubuhi naendesha kipindi cha sayansi redioni hapa Mpanda. Leo nilikuwa na wageni watatu, watafiti kabisa. Mmoja wa udongo, mmoja wa samaki, mmoja daktari wa watoto. Kipindi kinanoga, tunacheka.

Akapiga mama mmoja kutoka Majimoto. Nyuma yake mashine ya kukoboa inanguruma.

"Tangu watu wapige dawa kwenye mpunga, samaki wanaelea mferejini. Na maji ya hapo hapo ndo tunakunywa. Mwanangu anaharisha siku ya nne. Shida ni nini?"

Wa udongo akasema hilo ni la mtu wa samaki.

Wa samaki akasema dawa si fani yake, labda daktari.

Daktari akasema hawezi kusema kitu kabla maji hayajapimwa.

Mama akajibu:

"Nyie mmegawana elimu. Mimi mtoto ni mmoja."

Nikacheka! Eti muda umetutupa mkono, nikaweka wimbo.

Nimefika nyumbani Majengo ndo akili inarudi. Tulikuwa watu wanne, kila mmoja na maiki yake. Hakuna aliyemwambia asimpe mtoto yale maji, amuwahishe zahanati.

Nimepiga namba yake mara sita. Haipatikani.

Uliyeko Majimoto, jirani na mashine ya kukoboa, nakuomba umtafute sasa hivi. Mwambie hayo mawili tu.

Hayahitaji utafiti.