Kamba ya Nyuma

Utoto wangu wote kule Njiru, cucu, yaani nyanya yangu, alinikataza kupiga mluzi. Msichana akipiga mluzi, alisema, anaita ngoma, mashetani wa kike wanaozunguka ndani ya upepo wa vumbi. Niliamini, jamani. Hata leo vumbi likizunguka barabarani nafunga mdomo.

Mwaka mmoja nilikuwa na uchungu. Ini alilopikiwa mchungaji lilitoweka sufuriani, na cucu akaamua mlaji ni mimi. Akaninyang'anya ufunguo wa nyumba, akampa binamu yangu Kariuki, mtoto wa miaka tisa! Kila nikitoka shule nilimsubiri mlangoni kama mgeni. Kuitwa mwizi kuliniuma kuliko kiboko.

Jumamosi moja mchana tukaenda kwenye machimbo ya mawe yaliyojaa maji. Tulikuwa tumeunda chelezo cha mbao na mitungi ya plastiki, tanga letu shuka la cucu. Kilifungwa ukingoni kwa kamba mbili. Kariuki angefungua ya mbele, mimi nisukume pua kwa ufito hadi tanga lishike upepo, kisha yeye afungue ya nyuma. Shida ni kwamba upepo haukuwepo. Nikapiga mluzi.

Haiya, ukaja. Tanga likajaa, chelezo kikatoka mbio, na hatua tano kutoka ukingoni kikasimama ghafla, tanga bado limevimba. Uso wa Kariuki ukamparama.

“Ngoma wametushika,” akasema.

Nikatazama nyuma. Kamba ilikuwa imekaza kabisa. Bwana mdogo alisahau kuifungua. Nilitaka kumwambia, nikaghairi.

“Huwa wanashika mwenye dhambi,” nikasema polepole.

Akamwaga yote: kutoroka ibada, kukojoa kwenye beseni la jirani, na mwisho, huku analia, lile ini. Nikamfanya alirudie mara mbili, ndipo nikavuta kamba tukarudi. Jioni alimwambia cucu mwenyewe. Nikapewa ufunguo wangu, na cucu akatangaza kwamba ngoma wamenitetea. Sikumsahihisha, nilifurahi mno.

Sasa Kariuki anachomelea vyuma mtaani Baba Dogo, jitu zima lisilotishwa na mtu, ila hawapeleki watoto wake kuogelea ng'o. Juzi binti yake aliniuliza baba aliona nini majini. Nikasema sijui. Haki yangu niliipata, sikatai, lakini aliyemshika baba yake siku ile ni mimi, na bado sina ujasiri wa kusema.