Binti Aliyelala na Swali la Shangazi

Kila Jumapili alasiri dada yangu mkubwa aliweka televisheni mlangoni pa ateliye yake ya kushona, hapa mtaani Hewa Bora, na watoto wa jirani walikaa chini kutazama katuni. Filamu zilikuwa za Kifaransa na wadogo hawakukielewa vizuri, kwa hiyo alizima sauti, akawasemea wahusika wote yeye mwenyewe. Malkia alifoka kama mama yetu. Jumba la mfalme, kwa maneno yake, lilikuwa Naviundu, mtaa wa ng'ambo ya mto. Sijasikia mwigizaji bora kuliko yeye.

Jumapili moja binti mfalme alikuwa mweusi kama sisi, amesukwa nywele. Nilifurahi, kisha nikaudhika: hatimaye mweusi, halafu nusu ya filamu amelala! Mwanamfalme akafika, akambusu, wakaanza kupamba arusi. Dada akasimamisha picha.

"Sasa shangazi anamuuliza: mutoto, tupokee ao tusipokee?"

"Yaya, ile ni bongo, unatudanganya! Haiko mule," nikamwambia dada. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nimeandika kazi nzima juu ya wanawake katika filamu.

"Na weye, masomo yote ile, haukuona kama habakumuuliza?"

Watoto walinicheka.

Kwetu, mahari ikiletwa, shangazi humuuliza msichana mara tatu mbele ya familia zote mbili kama waipokee. Mimi niliona swali hilo ni pambo tu. Jibu linajulikana, bia imeshawekwa kwenye barafu.

Jumamosi iliyofuata ililetwa mahari ya dada. Mchumba wake alitoka katika familia ya wafanyabiashara wa Kivu, na baba yake mdogo alikuwa ameshapanga bibi arusi akauze katika duka lao la Kasomeno, mbali na hapa. Kuhusu ateliye, hakuna aliyemuuliza dada neno.

Shangazi akauliza. Dada kimya. Watu wakatabasamu, wakidhani ni haya. Akauliza tena.

"Bado. Nani ameniuliza juu ya mashini yangu?"

"Ah, huyu!" baba mdogo akacheka. "Tunaoa muke ao avoka wa mahakamani?"

"Baba, miye siko mu usingizi. Bwana mwenyewe aseme."

Mchumba akasimama, jasho usoni. "Mashini itabakia Hewa Bora. Na miye pia. Kule Kasomeno tutatafuta muntu."

Baba mdogo aliacha kucheka. Shangazi akauliza mara ya tatu, nami nikajikuta nimeinama mbele kama wale watoto wa mlangoni, jibu silijui.

"Mupokee," dada akasema.