Muhtasari wa Kikao cha Kumwachisha Dada Majina

Naanza na aibu yangu mwenyewe, mtu asije akanisuta baadaye. Ule muhtasari wa kikao uliosema dada yangu aachane na biashara ya majina ya tovuti, mimi niliutia sahihi. Niko wa tatu kutoka juu. Sikushikiwa kisu. Nilikuwa nimechoka kumsikiliza, basi, nikachukua kalamu.

Mtaa mzima unamwita dada yangu Karani, ingawa ukarani wenyewe uliisha miaka tisa iliyopita, ofisi ilipopunguza watu. Alikaa masijala ya ardhi miaka ishirini na miwili, akichapa majina ya watu kwenye hati za viwanja. Kiinua mgongo chake kilimnunulia fotokopi, printa na kompyuta mbili za mtumba, akapanga chumba kinachotenganishwa na saluni yangu kwa ukuta mmoja tu. Akisukuma kabati kule, chupa zangu za mafuta huku zinagongana.

Humo ndimo alimoanzia mambo ya majina. Kwa asiyejua, ni hivi: anwani ya tovuti ni jina, na jina lisilo na mwenyewe unalilipia, linakuwa lako kwa mwaka. Mwaka ukiisha unalipia tena. Usipolipia linarudi sokoni, na yeyote anaweza kulibeba. Dada alikuwa ananunua majina anayodhani yatatakiwa, anakaa nayo, mwenye shida akitokea anamuuzia kwa bei ya kueleweka. Ukimuuliza ujuzi huo kaupata wapi, atakuambia masijala. "Nimeona watu wakishikana mashati kwa kiwanja cha mawe matupu," anasema, "kwa sababu tu ya mahali kilipo."

Alikuwa na majina ishirini na saba, na sitamficha mtu: mengi yalikuwa takataka. Kulikuwa na la wauza miavuli. Kulikuwa na moja refu mpaka ulisome lazima uvute pumzi katikati. Miaka ya mwanzo aliuza manne, moja akamuuzia daktari wa meno, akatununulia ukoo mzima viatu. Baada ya hapo kimya. Miaka mitatu hakuna aliyebisha hodi, na yeye kila mwaka analipia yote. Nilimwambia, "Dada, unalinda nyumba ambazo hazina hata panya." Akaniambia nikasuke nywele za watu.

Lile alilolipenda kuliko yote lilikuwa neno moja tu: Vyumba. Alilichukua mwaka wa kwanza, wakati ambao mtu akitaka chumba cha kupanga anamtafuta dalali na kuzunguka naye juani. Dada alisema siku moja kila anayehama ataanza kwa kuandika neno hilo kwenye simu. Tulimcheka, na mimi nilicheka zaidi. Mwaka huu muda wake ulikuwa uishe tarehe kumi na nne.

Sasa mjue kuhusu kaka yetu mkubwa. Alikuwa mwalimu mkuu, na kustaafu hakukumponya. Sisi kwetu hatuzungumzi, tunafanya kikao: mahudhurio, ajenda, yatokanayo, mengineyo. Hata nilipoachana na mume wangu kuna muhtasari, ukurasa mmoja na nusu, na kaka akaandika chini kwamba kikao kilifungwa kwa amani. Mwanawe wa kwanza anafanya kazi kwenye kampuni ya kompyuta, tunamwita Mtaalamu. Kitu chochote chenye waya akishakisemea, hakuna anayebisha.

Ndiye aliyeleta ajenda. Kikao kilikaa sebuleni kwa kaka, na kijana akaongea vizuri, kwa upole, mkono begani kwa shangazi yake. "Shangazi, biashara hii imekufa. Siku hizi watu hawaandiki anwani, wanabonyeza tu. Maduka yako kwenye mitandao ya kijamii. Majina mazuri yalishabebwa na wenye mitaji, haya mengine ni makapi. Yaache yaishe yenyewe, hata hilo la Vyumba, hizo hela ukatengenezee fotokopi."

Fotokopi kweli ilikuwa inachora mstari mweusi katikati ya kila karatasi. Mihtasari yetu yote ya mwaka jana ina huo mstari. Kwa hiyo tuliona kijana kasema la maana. Dada akaomba maji ya kunywa. Kaka akaandika: kikao kimeazimia majina yote yaachwe. Nikatia sahihi.

Jumatatu Mtaalamu alikuja kwa dada kuchapa huo muhtasari, maana familia inachapa kwake bure. Alifungua barua pepe yake kwenye kompyuta ya dukani, akachapa nakala, akapigiwa simu, akatoka mbio bila kuifunga.

Kuna jambo moja kuhusu dada ambalo wateja wake wote wanalijua. Watu wanaacha barua pepe zao wazi kwenye mashine zake kila siku: maombi ya kazi, vipimo vya hospitali, mapenzi ya kila aina. Dada hasomi. Anageuza uso pembeni kama mtu anayepita mlango wa bafu, anabonyeza kufunga, anaendelea. Mimi ningekuwa nimeshazisoma zote. Yeye miaka tisa hajasoma hata moja, na ndiyo maana wanamjia.

Basi nikiwa na kichwa cha mteja mkononi nikasikia ukuta unagongwa. Nikaenda. Dada amefunika skrini kwa kitambaa cha kufutia mashine, amesimama mbali nayo, amekunja mikono.

"Nilikuwa nafunga," akasema. "Nikaona neno langu. Njoo usome wewe, mimi barua za watu sisomi."

Nikafunua. Ilikuwa barua fupi kutoka kwa wale wanaosajili majina. Ilimshukuru Mtaalamu kwa kulipia nafasi ya kusubiri jina la Vyumba. Mmiliki wa sasa asipolilipia, wao watajaribu kulinyakua kwa niaba yake muda utakapofika. Aliiomba nafasi hiyo siku tisa kabla ya kikao.

Nilimsomea. Nikarudia tarehe. Nusu ya hasira yangu ilikuwa juu yangu mwenyewe na ile kalamu. Nikamwambia aichape ile barua, tumpelekee kaka sasa hivi.

"Sichapi. Barua si yangu," akasema. Akafunga ile barua pepe, akatoa daftari la majina yake na kalamu nyekundu, akakaa. Mchana wote alikuwa anakata mistari. Nilipopita jioni kufunga saluni nilimkuta amekata majina ishirini na sita.

"Kwa haya kijana alisema kweli," akaniambia. "Nilikuwa naokota kila kinachong'aa. Biashara ya kuokota imekufa, sibishi."

"Na hilo moja?"

"Hilo moja kaa ulione."

Jumamosi, tarehe kumi na mbili, tulikaa tena. Kaka akasoma muhtasari, akauliza kama kuna yatokanayo. Dada akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Hajawahi kunyoosha mkono.

"Mwanangu," akamwambia Mtaalamu, "hebu nieleze tena, mimi mzito. Biashara imekufa?"

"Imekufa, shangazi."

"Hata Vyumba?"

"Hata hilo."

"Kama ni maiti, mbona umepanga foleni?"

Kijana akamwangalia baba yake, akaniangalia mimi, akaangalia simu yake. Kaka hakuelewa, ikabidi dada aeleze, taratibu, kama alivyokuwa akiwaeleza wazee pale masijala kwa nini hati yao haijatoka. Alimaliza. Mtaalamu akasema, "Shangazi, nilitaka tu lisipotee. Nilikuwa naliwekea familia."

"Sasa mbona hukuliweka kwenye ajenda?"

 Kumbe kijana amekaa mkao wa kula kwa shangazi yake, kisha anamwambia sahani ni tupu. Mimi nilisema, nikasema sana, na kaka akanikumbusha kwamba nipitie kwa mwenyekiti, yaani yeye. Nikamwambia mwenyekiti naomba sahihi yangu ifutwe. Akasema sahihi haifutwi. Nikamwambia basi iandikwe kwamba nilitia sahihi kwa uvivu. Akaandika, neno kwa neno.

Kisha akamgeukia dada. "Na wewe, msimamo wako niandikeje?"

"Andika nimeyaacha majina ishirini na sita, maana yalikuwa makapi, na aliyeniambia hivyo alisema kweli. Andika Vyumba nimelilipia jana. Sikulilipia mwaka mmoja. Nimelipia miaka kumi, ndiyo mwisho wanaoruhusu. Fotokopi itaendelea kuchora mstari. Nikiuza, nitauza kwa bei yangu. Nisipouza, nitakufa nalo, mkaliandike kwenye mirathi. Lakini sitaambiwa na anayelitaka kwamba halina thamani."

Kaka aliandika yote. Hakumwangalia mwanawe. Alipofika kwenye mengineyo hakuuliza kama yapo. Akafunga kikao, na ile ya kufungwa kwa amani hakuiandika.

Jumatatu Mtaalamu akatumwa kuchapa. Nilihakikisha niko pale, nimejipa kazi ya kuazima mkasi. Akafungua barua pepe yake kwenye mashine ile ile: kurasa mbili, nakala tano. Dada akamchapia, akaziweka sawa, akazibana na pini, akamtajia bei. Tangu duka lifunguliwe hakuna wa familia aliyewahi kutajiwa bei. Kijana akatoa pochi, akalipa, akashika karatasi zake kuelekea mlangoni.

"Mwanangu," dada akamwita.

Akageuka.

"Umeacha barua zako wazi. Rudi ufunge, mimi sisomi."