Viazi vya Mwoga

Nyamizi aliogopa kila kitu, wala hakuona haya kusema. Hakuvuka kijito mpaka mwingine avuke kwanza. Kijijini kwao, kando ya njia ya zamani ya misafara iendayo Tabora, watu walimcheka, naye akawaacha wacheke. Alikuwa bado mtoto wakati njaa ya vita vya Mjerumani na Mwingereza ilipowaua mama yake na wadogo zake, na aliyeyaona hayo ana ruhusa ya kuogopa hata kivuli chake.

Ndiyo maana nusu ya shamba lake alipanda viazi vitamu. Kila kiangazi alivimenya, akavikata vipande, akavianika mpaka vikawa michembe mikavu ya kujaza vihenge vyake vya akiba. Mumewe, Kornel, alikuwa Tanga akikata mkonge. Aliyemlimia ni kikundi cha kijiji, kile cha kulima kwa ngoma: leo shamba la huyu, kesho la yule, watu mstari mmoja na majembe yanapanda na kushuka pamoja.

Mpiga ngoma na mkuu wa kikundi alikuwa mzee Lugembe. Yeye alishika neno moja tu: chakula cha watu ni mtama. Siku ya kupalilia mtama wa wenzake Nyamizi akakosekana, akakutwa kwenye matuta yake ya viazi. Wakamwekea kikao.

"Ng'oa hayo marando ya viazi upande mtama kama wenzako," Lugembe alimwambia, "la sivyo tunakutenga. Hulimiwi, na moto huombi kwa mtu."

Lugembe hakuwa mtu mbaya. Alijua kikundi kikilegea, mashamba ya wajane yatakuwa pori. Nyamizi alilia mbele yao wote, maana kutengwa alikuogopa kuliko simba. Lakini njaa aliiogopa zaidi, na marando hakuyang'oa.

Wakamtenga. Jirani yake Benedikta peke yake, mwanamke asiyeogopa mtu wala mnyama, ndiye aliyempelekea kijinga cha moto, mchana kweupe, akipita makusudi mbele ya mlango wa Lugembe.

Msimu uliofuata nzige wakashuka. Asubuhi mtama ulikuwa umechanua, jioni yamebaki mabua matupu. Waliyala hata majani ya viazi, ila viazi vyenyewe vilikuwa chini ya udongo na michembe ilikuwa kwenye vihenge. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Ila kicheko hakikuja haraka.

Lugembe alikuja na kikapu, akasimama uani asijue aanzie wapi. Nyamizi alitaka kumfungia mlango, na nani angemlaumu? Lakini aliogopa pia kubaki hai peke yake katika kijiji cha makaburi. Akampimia michembe, kisha akawapimia wengine, akihesabu vilivyobaki kila kihenge kilipopungua.

Chakula kilipatikana, mbegu ya mtama haikuwapo. Benedikta akajitwika kapu tupu akaifuata njia ya misafara, katikati ya pori la simba, mpaka kwa mjomba wake katika kitongoji cha Ng'ambo, Tabora. Nyamizi asingethubutu safari hiyo hata kwa kuburutwa. Benedikta alirudi amekonda, miguu imevimba, na kapu la mbegu kichwani.

Mvua zilipokaribia, Lugembe akakutanisha watu. Alitangaza kwamba Nyamizi amerudishwa kundini, na kwamba mwaka huu mashamba yote yatakuwa viazi. Watu wakashangilia. Nyamizi akasimama.

"Shamba langu lote nitapanda mtama," alisema.

Watu wakaguna. Lugembe akaziweka chini fimbo za ngoma. "Wewe mama, tumekufuata wewe, sasa unatukimbia tena?"

"Baba, viazi navyo vina fukusi wao. Wadudu hao wakiingia, viazi huozea humo humo ardhini. Sote tukikimbilia upande mmoja, siku balaa ikija upande huo nani atabaki wa kumpa mwenzake?"

"Na nzige wakirudi wakaumaliza huo mtama wako? Umefikiria utakula nini?"

Nyamizi aliwatazama, watu wale wale waliomnyima moto.

"Viazi vyenu," alisema. "Mtanipa."